Kitabu Kilichoketishwa Kitini: Miswada Mitakatifu katika Ibada ya Wahindu

Wapendwa taifa la Mungu, katika tafakari yetu ya juma hili tunapenda kuitazama historia ya jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa mbali tu, na pengine tumelihukumu kabla ya kulielewa. Katika miji yetu, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na mingineyo, wapo majirani zetu wafuasi wa dini ya Kihindu. Tunapita mbele ya mahekalu yao, tunanunua madukani mwao, na watoto wetu wanasoma pamoja na watoto wao. Hata hivyo, mwamini wetu akisikia kwamba jirani huyo amekifukizia kitabu ubani, amekiwekea maua na kukiinamia, neno linalomtoka upesi ni "ibada ya sanamu", na mazungumzo huishia hapo. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi tungependa kuijua maana kwanza, ndipo tuseme.

Tutofautishe tangu mwanzo maneno mawili ambayo mitaani huchanganywa. Mhindi ni mtu wa asili ya nchi ya India: anaweza kuwa Mwislamu, Singasinga, au Mkatoliki kama ndugu zetu wenye asili ya Goa. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, naye anaweza kuwa mwenyeji wa Nepal au wa kisiwa cha Bali nchini Indonesia. Hapa tunazungumzia dini, wala si kabila wala rangi.

Tena hatuanzi safari hii bila taa. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Tamko la *Nostra Aetate*, ambalo limeutaja Uhindu kwa jina na kufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Kwa mwanga huo, tuingie.

1. Neno lililokaa katika pumzi

Jambo la kwanza litatushangaza: maandiko ya Wahindu yaliyo matakatifu kuliko yote hayakuwa maandiko. Veda, na hasa ile ya kale zaidi iitwayo Rigveda yenye tenzi 1,028, ilitungwa kwa makadirio ya wataalamu kati ya mwaka 1500 na mwaka 1000 kabla ya Kristo. Wahindu huiita *shruti*, maana yake kilichosikiwa. Mwalimu alitamka, mwanafunzi akarudia, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka neno likakaa katika pumzi yake. Ili pasipotee hata silabi moja, walibuni njia za kuyakariri maneno yaleyale kwa mipangilio mbalimbali: moja moja, kisha mawili mawili, kisha kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Aliyekosea katika mpangilio mmoja alisahihishwa na mwingine.

Sisi tumezoea kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walinzi wa Veda walifikiri kinyume: kwao daftari ndilo lililotiliwa shaka. Katika utenzi mkubwa wa Mahabharata, kwenye kitabu cha mafundisho kiitwacho Anushasana, waandishi wa Veda wanahesabiwa pamoja na wauzaji wa Veda miongoni mwa wanaostahili jehanamu. Hukumu hiyo ni kali, lakini hofu iliyokuwa nyuma yake inaeleweka. Neno likishatengana na kinywa cha mwalimu laweza kuuzwa sokoni, laweza kuharibiwa na mnakili mzembe, laweza kutamkwa na mtu asiyejua uzito wake.

Mnamo mwaka 1030 hivi, mwanachuoni Mwislamu Al-Biruni, aliyeichunguza India kwa makini kuliko wageni wengi wa zama zake, aliandika kwamba muda si mrefu kabla yake Brahmani mmoja wa Kashmir alijitwika kazi ya kuiandika Veda, kwa kuogopa kwamba ingesahauliwa. Leo, katika Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune, imehifadhiwa miswada 30 ya Rigveda ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 2007. Ule wa kale zaidi kati ya hiyo 30 ni wa mwaka 1464. Ndugu zangu, kati ya kutungwa kwa tenzi hizo na mswada huo ni zaidi ya miaka elfu mbili.

Lakini haki itutake tuseme na upande wa pili. Ulinzi huo ulifunga pia mlango. Wanawake, na watu wa tabaka la chini liitwalo Shudra, hawakuruhusiwa kujifunza Veda, na sheria za kale ziliwakataza Shudra hata kuisikia. Neno lilikuwa salama, ila lilikuwa salama mikononi mwa wachache.

2. Kitabu kinapozaliwa

Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo na maandiko ya aina nyingine: Mahabharata, Ramayana, na vitabu viitwavyo Purana, ambavyo watu wote waliruhusiwa kuvisikiliza. Hapa ndipo kitabu chenyewe, kwa maana ya kitu kinachoshikika, kilipopata heshima ya ibada.

Tuone kwanza kilitengenezwaje. Sehemu kubwa ya India waliandika juu ya majani ya miti ya jamii ya mvumo. Majani yalikaushwa, yakachemshwa, yakasuguliwa hadi yakawa laini, kisha yakakatwa kuwa vipande virefu vyembamba. Kusini na mashariki mwa nchi, mwandishi alichora herufi kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, kisha akapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta. Alipofuta, weusi ulibaki ndani ya michoro. Majani yalitobolewa tundu, yakapitishwa uzi, yakafungwa kati ya vibao viwili vya mti. Mwishoni mwa miswada mingi mwandishi ameacha neno lake mwenyewe: analalamikia mgongo uliopinda na macho yaliyochoka, na anamsihi msomaji akilinde kitabu dhidi ya maji, mafuta na uzi uliolegea.

Maombi hayo hayakuwa ya bure. Katika nchi ya joto na unyevu, jani huliwa na wadudu na kuvu. Kitabu cha namna hiyo ni kiumbe chenye umri, kisiponakiliwa, hufa. Kwa sababu hiyo kunakili kukageuka kutoka kazi ya ofisini kuwa tendo la ibada, na kumpa mtu au hekalu kitabu kukaitwa *vidyadana*, yaani sadaka ya elimu, mojawapo ya sadaka zilizo kubwa kupita zote.

Maelezo yaliyo kamili zaidi yamo katika kitabu cha waabudu wa Shiva kiitwacho Shivadharmottara, ambacho wataalamu hukiweka katika karne ya 7 hivi. Mahali pa kuandikia panasafishwa na kupambwa. Mswada wa kunakiliwa unaketishwa juu ya kiti cha heshima na kupewa maua na manukato. Kazi ikimalizika, kitabu kipya kinapandishwa juu ya gari lililopambwa na kupelekwa hekaluni kwa maandamano, pamoja na ngoma na nyimbo, kama anavyosindikizwa mfalme. Huko kinasomwa kwa sauti, na usomaji huo unaombewa uwe amani ya mfalme na ya nchi nzima. Bhagavata Purana nayo, karibu na mwisho wake, inamsifu mtu atakayeitoa kama sadaka ikiwa juu ya kiti cha dhahabu, siku ya mwezi mpevu katika mwezi wao uitwao Bhadrapada.

Tusipite haraka hapa. Maandamano yaliishia wapi? Yaliishia katika kusoma. Na Shivadharmottara hiyohiyo inafundisha kwamba mwalimu wa kweli ni yule anayemwelewesha mwanafunzi kadiri ya uwezo wake: kwa Kisanskriti, kwa lugha za kawaida, hata kwa lugha ya mahali pake. Kiti cha dhahabu kilikuwa maandalizi ya sikio.

3. Kitabu mahali pa sanamu

Miaka mingi baadaye mafundisho hayo yalizaa matunda makubwa mashariki mwa India. Katika karne ya 16, huko Odisha, Jagannatha Dasa aliitunga upya Bhagavata Purana katika Kiodia, lugha ya watu wa kawaida. Vijiji vingi vikajenga kibanda maalumu, *bhagabata tungi*, ambamo mswada wa majani uliwekwa, ukapewa heshima, na jioni watu wakakusanyika kusikiliza sehemu yake ikisomwa. Mkulima asiyejua Kisanskriti alikaa chini akasikia habari za Mungu wake kwa lugha ya mama yake.

Huko Assam, Sankardeva, ambaye kwa mapokeo aliishi tangu mwaka 1449 hadi 1568, alikwenda mbali zaidi. Katika nyumba za sala alizozianzisha, ziitwazo *namghar*, mahali pa juu ambapo hekalu lingine lingekuwa na sanamu palikuwa na kiti cha ngazi ngazi, na juu ya kiti hicho, kitabu. Miswada ya huko iliandikwa juu ya magome ya mti uitwao sanchi, ambao ni mti wa udi, udi huohuo unaofukizwa katika nyumba nyingi za pwani yetu. Anayemshutumu kila Mhindu kwa ibada ya sanamu atafanya vema kukumbuka kiti hicho cha Assam, ambacho juu yake pamekaa neno tu.

Zipo pia siku ambazo kitabu hupumzika. Katika jimbo la Kerala, sikukuu ya Navaratri inapokaribia mwisho, vitabu na vifaa vya kazi huwekwa mbele ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, na havisomwi wala kuguswa mpaka siku ya kumi. Asubuhi ya siku hiyo vitabu hufunguliwa, na watoto wadogo hushikwa kidole na mzee wao ili waandike herufi zao za kwanza juu ya sinia la mchele. Katika kisiwa cha Bali, kila baada ya siku 210, miswada ya majani iitwayo *lontar* hutolewa ilimohifadhiwa, husafishwa na kuwekewa sadaka, na desturi inakataza kusoma na kuandika siku ile. Ni kama sabato ya kitabu. Nayo haikusudiwi kukifunga milele: baada yake watu hurudi kusoma kwa moyo mpya.

Na kitabu kikishachakaa kiasi cha kutosomeka? Hakitupwi jalalani. Kwa desturi iliyoenea, kilichakwisha kunakiliwa kilikabidhiwa kwa maji ya mto, kama yanavyokabidhiwa majivu ya marehemu.

4. Kitabu kidogo kilichofika Oxford

Tutoe mfano mmoja wa karibu na sisi. Mwaka 1826, katika mji wa Vadtal huko Gujarat, Sahajanand Swami, ambaye wafuasi wake humwita Swaminarayan, alitoa kitabu kidogo cha beti 212 za Kisanskriti kiitwacho Shikshapatri, yaani waraka wa mafundisho. Ndani yake mmeagizwa mambo ya maisha ya kila siku: kutoua, kutoiba, kuacha ulevi, kuandika mapato na matumizi, kuwalipa wafanyakazi kama walivyoahidiwa. Mwishoni ametoa agizo linalogusa somo letu. Wafuasi wakisome kila siku. Asiyejua kusoma asikilize kikisomwa. Na pasipokuwa na wa kumsomea, basi akitolee kitabu chenyewe heshima kila siku, kwa maana maneno hayo, anasema, ni sura yake mwenyewe.

Tazameni mpangilio huo, ndugu zangu. Kusoma kwanza, kusikiliza pili, heshima ya mikono na maua ni kwa yule aliyekosa vyote viwili, ili maskini asiyejua herufi asibaki nje ya mlango.

Mwezi Februari mwaka 1830, mjini Rajkot, Swaminarayan alikutana na Sir John Malcolm, gavana wa Bombay, na nakala ya Shikshapatri ikatolewa kwake kama zawadi. Nakala hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, chuoni Oxford. Baadaye wafuasi wa Swaminarayan kutoka Gujarat na Kutch walivuka bahari na kujenga maisha Afrika Mashariki, ambako mahekalu yao yapo hadi leo. Wengi wao walihamia tena Uingereza, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia kutoka Uganda mwaka 1972. Ndiyo maana miongoni mwa Wahindu wanaofika Oxford kuutazama mswada ule kwa uchaji wamo ambao familia zao zilipitia Kampala, Nairobi na Mombasa. Kwa mkutubi ule ni mswada wa kuhifadhiwa dhidi ya mwanga na unyevu. Kwa hao ni uwepo wa mwalimu wao. Mwaka 2026 umetimiza miaka 200 tangu kutolewa kwake.

5. Nasi je?

Mkatoliki anayelisikia hayo hana sababu ya kujifanya mgeni kabisa. Jumapili tunaona Kitabu cha Injili kikiinuliwa juu katika maandamano, mishumaa ikikitangulia. Tunakifukizia ubani, na anayeisoma Injili anakibusu. Shemasi anapopewa daraja hukabidhiwa Kitabu cha Injili, na askofu anapowekwa wakfu hufunuliwa juu ya kichwa chake. Mwaka 431, mababa wa Mtaguso wa Efeso walikiweka Kitabu cha Injili katikati yao, juu ya kiti, kwa kuwa Kristo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano desturi hiyo ilirudiwa, na Hati ya *Dei Verbum* ya tarehe 18 Novemba 1965 inafundisha, katika namba 21, kwamba Kanisa limeyaheshimu daima Maandiko Matakatifu kama linavyouheshimu Mwili wa Bwana.

Hata hivyo, kufanana si kuwa sawa. Ibada ya kuabudu tunampa Mungu peke yake. Katekisimu, namba 108, inatukumbusha kwamba imani yetu si dini ya kitabu. Ni dini ya Neno aliye hai. Yohane anatufundisha mwanzoni mwa Injili yake kwamba Neno wa milele alitwaa mwili wetu. Hakutwaa jani, wala ngozi, wala karatasi. Tunakibusu kitabu kwa sababu ya yule anayesema nasi ndani yake.

Wamisionari wenye hekima walijua kushika yote mawili, imani yao na heshima kwa wenyeji. Mjesuiti Mwingereza Thomas Stephens, aliyefanya kazi Goa, alisimulia habari ya wokovu kwa mtindo wa Purana, katika Kimarathi kilichochanganyika na Kikonkani. Utenzi huo mrefu, Kristapurana, ulichapwa mwaka 1616. Nakala za chapa zile za kwanza zimepotea. Utenzi umetufikia kwa sababu Wakristo wa huko waliunakili kwa mikono yao. Walifanya walivyofanya majirani zao: walichokipenda, walikinakili.

Sasa tujihoji. Katika nyumba zetu Biblia iko wapi? Zipo nyumba ambamo imefungiwa kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni. Zipo ambamo huwekwa chini ya mto wa mtoto ili kufukuza ndoto mbaya, na asubuhi hurudishwa bila kufunguliwa. Tunamcheka jirani kwa maua yake, na huenda usiku uliopita yeye alikisikiliza kitabu chake kikisomwa, nasi chetu hatujakifunua tangu Kipaimara. Mhindu asiyejua kusoma aliruhusiwa kuheshimu kwa ua kwa sababu alikosa msomaji. Sisi tuliosomeshwa, wenye Biblia kwa Kiswahili na hata katika simu zetu, tutatoa sababu gani?

Tarehe 30 Septemba 2019 Papa Fransisko, kwa Barua *Aperuit illis*, aliiweka Jumapili ya Tatu ya Mwaka kuwa Jumapili ya Neno la Mungu. Tusiisubiri ifike. Kwa juma hili tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila familia iitoe Biblia kabatini na kuiweka mahali pa heshima, penye mshumaa na kitambaa safi. Pili, Injili ya Jumapili isomwe kwa sauti usiku wa Jumamosi. Palipo na bibi au babu asiyeona vizuri, mjukuu amsomee. Tatu, vijana wa mafundisho ya Kipaimara wainakili Injili hiyo kwa mkono, polepole, bila kuruka neno, wapate kujua kile ambacho mwandishi wa majani ya mvumo alikijua mgongoni mwake.

Na tutakapopita tena mbele ya hekalu la jirani na kusikia kengele, tumwombee heri kimoyomoyo. Tukipata nafasi, tumwulize kwa adabu ni kitabu gani kinasomwa humo. Pengine naye atatuuliza juu ya chetu, na itakuwa aibu kubwa tukikosa la kujibu.

Bwana Yesu Kristo, Neno wa Baba, fungua masikio yetu kama ulivyoyafungua Maandiko kwa wanafunzi wako njiani Emau. Utujalie kukipenda kitabu kinachotuletea sauti yako, na kuwaheshimu wote wanaolitafuta neno la kweli. Amina.